Kalamu ya Mtu Mwingine

Karatasi niliyopewa kujipimia haiba nikiwa mwaka wa pili chuoni ilikuwa na alama za mtu mwingine. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, na mahali fulani katika msururu huo mwanafunzi mmoja alijibu maswali kwa penseli, akayafuta, lakini mashine ikayaona yale ambayo kifutio hakikuyamaliza. Kwa hiyo kila swali lilinijia likiwa na tiki hafifu upande mmoja. Nilipofika kama swali la kumi niligundua kwamba nilikuwa nimekubaliana na tiki hizo karibu kila mahali, wala sikujua kama mimi na mwenye penseli tulifanana au kama nilikuwa nikimfuata tu.

Somo lenyewe lilikuwa la kujitambua, na sababu ya kutufundisha sisi wanafunzi wa ustawi wa jamii ilielezwa vizuri. Daktari ana kifaa cha kusikilizia moyo, mpimaji wa ardhi ana utepe wake, bali mtu wa ustawi wa jamii huingia nyumbani mwa watu mikono mitupu, akiwa na macho yake, masikio yake na moyo wake. Asipojua macho hayo yamepinda upande gani, atauandika upinde huo kana kwamba ndiyo nyumba aliyoiona. Sina ugomvi na hoja hiyo hata leo. Ugomvi wangu ni na njia ya mkato tuliyopewa ya kuitimiza, yaani maswali yaliyojibiwa mchana mmoja wenye joto chini ya paa la mabati, na matokeo ya herufi nne ambazo niliziandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari langu: I, S, F, J.

Maelezo ya herufi hizo yalinipendeza mno. Yalisema kwamba mimi ni mtu wa ndani, mtulivu, mwaminifu kwa wajibu, anayefurahia kuwatunza wengine kimyakimya bila kudai shukrani. Mama yangu angeyasoma angecheka. Mimi ni kifunguamimba katika nyumba ya watoto sita, na msichana. Kutunza wengine hakukuwa hulka, kulikuwa ratiba. Kuna swali moja katika karatasi ile ambalo sijalisahau. Liliuliza kama, baada ya wiki yenye shughuli nyingi, ningependa kuwa na marafiki jioni au kukaa peke yangu na kitabu. Nyumba yetu ya Manyatta, hapa Kisumu, ilikuwa na vyumba viwili na watu wanane. Kitabu nilikisoma nikiwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto mgongoni, nikisubiri maji ya ugali yachemke. Jioni ya peke yangu sikuwahi kuiona. Nilitia alama kwenye kitabu na upweke, si kwa kuwa ndivyo nilivyoishi, bali kwa kuwa ndivyo nilivyotamani, na karatasi ikanihesabia tamaa hiyo kuwa tabia.

Baadaye nilisoma historia ya kipimo hicho, ambacho duniani hujulikana kwa majina ya Myers na Briggs. Katharine Cook Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers walikuwa Wamarekani ambao hawakusomea saikolojia darasani. Walijenga juu ya kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921 kuhusu aina za watu, na Isabel akaanza kutunga maswali wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa nia njema kabisa ya kuwasaidia watu, wakiwemo wanawake waliokuwa wakiingia kazini kwa mara ya kwanza, wapate kazi zinazowafaa. Kipimo kina jozi nne za sifa, na kwa kila jozi unatupwa upande mmoja au mwingine, ndiyo maana aina zikawa 16. Dosari iko hapohapo. Ni kama kuwagawa watu wa Kisumu kuwa warefu na wafupi kwa kuchora mstari mmoja ukutani kwenye kimo cha kati: wengi watasimama karibu na mstari huo, na mtu akibadilisha viatu tu amehamia kundi jingine. Haishangazi kwamba watu wengi wakirudia maswali yaleyale baada ya wiki chache hupata angalau herufi moja iliyobadilika. Wachapishaji wa kipimo wenyewe husema kisitumiwe kuchagua wa kuajiriwa. Hata hivyo nimewahi kusikia chuoni pendekezo kwamba kitumike kuchagua nani apelekwe kwa watoto na nani kwa wazee.

Kwa nini basi tuliyaamini maelezo yale hivyo? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Mmarekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 dodoso la haiba, kisha baadaye akampa kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa yake binafsi. Waliombwa wayape alama kutoka 0 hadi 5 kwa jinsi yalivyowalenga, na wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, ambayo sehemu kubwa aliyachota katika kitabu cha unajimu. Nimelirudia zoezi hilo na wanafunzi wanaoletwa kwetu kwa mafunzo ya nyanjani, kwa maneno niliyoyatunga mwenyewe: kwamba watu wanakuona mcheshi lakini kuna siku unacheka ukiwa umebeba mengi, kwamba umewasaidia watu ambao hawakurudi kusema ahsante. Wengi waliandika 4 au 5. Mmoja alilengwalengwa na machozi, nikaona haya kwa hila yangu, maana nilipowafunulia siri yeye alisema kwamba bado ni kweli. Bila shaka ni kweli. Nani katika nchi hii hajamsaidia mtu asiyerudi?

Haki inataka niseme kwamba wanasaikolojia wengi hawatumii herufi nne. Wanatumia zaidi sifa tano kuu, ambazo humpima mtu kwa kiwango badala ya kumtupa upande: uwazi kwa mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Utafiti wake una mizizi imara zaidi. Lakini mizizi hiyo nayo ina udongo wake. Njia iliyoleta sifa hizo ilianzia kwenye kamusi: mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakakusanya karibu maneno 18,000 yanayoeleza jinsi mtu alivyo, na waliowafuata wakayapunguza na kuyapanga makundi kwa hesabu. Hujiuliza kazi hiyo ingekwendaje kama wangeanza na kamusi ya Kiswahili. Wangekutana na mchoyo, mdaku, mjuaji, mstahimilivu, mwungwana, msahaulifu wa fadhila. Mchoyo hawezi kuwa mchoyo akiwa peke yake kisiwani; lazima awepo jirani aliyenyimwa. Na si maswali ya lugha tu: watafiti walipowapima watu wazima 632 wa jamii ya Tsimane nchini Bolivia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, sifa tano hazikujitokeza walivyozitarajia. Zilizoonekana zaidi ni mbili, kuwatendea wengine mema na bidii ya kazi. Nadhani nyanya zangu wote wawili wangezikubali hizo mbili na kuuliza nyingine za nini.

Tulipofika kwenye Dirisha la Johari, nusu ya darasa tulidhani hatimaye tumepata kitu cha Mswahili, tukatarajia mhadhiri atuambie habari za vito na johari za pwani. Ni Joseph Luft na Harrington Ingham, Wamarekani, mwaka 1955, walioyaunganisha majina yao ya mkato, Joe na Harry. Dirisha lina vioo vinne: yale ninayoyajua kuhusu nafsi yangu na wengine wanayajua, yale ninayoyajua nikayaficha, yale wengine wanayaona nami siyaoni, na yale yasiyojulikana na yeyote. Kioo cha tatu wahenga walikimaliza kwa kusema kwamba nyani haoni kundule. Tofauti ya dirisha hili na karatasi ya tiki ni kwamba hapa huwezi kujipima peke yako. Lazima mwenzako aseme.

Basi tukaambiwa kila mmoja aandikiwe na wenzake watano maneno machache bila majina. Matokeo yalikuwa ya kuchekesha, kwa sababu watu ambao jioni watachanga fedha za githeri hawaambiani ukweli saa nane mchana. Nilipata mkarimu, mpole, mkarimu, mcha Mungu. Karatasi ya tano ilisema: "Hutoa dawa kabla mgonjwa hajasema anaumwa wapi." Nilikasirika siku mbili. Nilichunguza miandiko ya daftari za darasa zima nikimtafuta aliyeandika, na nilipompata, niliacha kumwazima kikokotoo. Herufi zangu nne hazikuwa zimesema lolote kuhusu hilo.

Mwaka wa tatu nilipelekwa kwa mafunzo ya nyanjani katika shirika dogo mjini. Wiki ya nne, mhudumu wa afya ya jamii alinipeleka Nyalenda kwa nyanya aliyekuwa akilea wajukuu watatu, mkubwa wao msichana wa miaka 12 ambaye shule ilikuwa imelalamika kwamba hukosa masomo mara mbili kwa wiki. Nilimwamkia Dani, ndivyo Wajaluo tumwitavyo nyanya, akanikaribisha kwa kuniita nyathina, mwanangu, akanipa kiti kilichokuwa kizima kuliko vingine. Msichana alikuwa pembeni akipepeta omena. Niliuliza kwa nini hayuko shuleni, Dani akajibu kwamba siku za soko humhitaji. Sikuuliza tena. Nilikaa pale kama dakika ishirini, na usiku ule nikaandika ripoti ya kurasa tatu ambayo mpaka leo naweza kuisoma bila kuifungua: kwamba mlezi anamtumikisha mtoto, kwamba hathamini elimu ya mtoto wa kike, kwamba hakuonyesha majuto, na kwamba ilifaa afisa wa watoto afikirie kumhamisha msichana.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo aliyefanya kazi hiyo miaka mingi na kuongea kwa sauti ya chini sana. Alisoma kurasa zote tatu mbele yangu, kisha akaziweka mezani.

"Dani nimemwona mara mbili humu," alisema. "Wewe nimekuona kila aya. Nani aliachishwa shule?"

"Mtoto, Madamu."

"Mtoto yupi?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Nilipokuwa darasa la saba, mama alinikalisha nyumbani muhula mzima nilee kitinda mimba wetu, yeye akienda kuuza mandazi Kondele. Nilirudi darasani nikakuta wenzangu wamefika mbali katika hesabu, na nikaapa moyoni mambo ambayo mtoto huapa. Sikuwa nimemsimulia mtu chuoni. Nilijiona nimekwisha kumsamehe mama, na kwa mambo mengi nilikuwa nimemsamehe kweli, lakini aliyeketi kwenye kiti kile kizuri cha Nyalenda hakuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Alikuwa msichana wa darasa la saba mwenye kalamu ya ofisi.

Msimamizi hakunihubiria. Alichukua karatasi tupu akaigawa safu tatu kwa rula. Safu ya kwanza niandike maneno yaliyosemwa, yangu na ya Dani, kadiri ninavyoyakumbuka, bila kuyapamba. Ya pili niandike nilichokiona kwa macho. Ya tatu niandike kilichopita ndani yangu wakati huohuo: nilihisi nini, nilikumbuka nini, mwili wangu ulifanya nini. Njia hii ya kuandika mazungumzo hatua kwa hatua ni ya zamani katika kazi yetu, na wanafunzi wengi huichukia kwa sababu dakika ishirini za kikao huzaa saa mbili za kuandika. Mimi ilinichukua saa tatu. Safu ya kwanza ilitoka fupi kwa namna ya kuaibisha. Nilikuwa nimeuliza maswali manne, na matatu kati yao hayakuwa maswali bali mashtaka yenye alama ya kuuliza mwishoni. "Hakuonyesha majuto" haikupata safu ya kukaa: hakulisema, sikuliona. Nilipoihamishia safu ya tatu nikagundua kwamba majuto niliyokuwa nikiyangoja hayakuwa ya Dani kuyatoa. Karibu na mstari ambapo Dani anasema "siku za soko namhitaji," katika safu ya tatu niliandika kwamba mikono yangu ilipata joto na kwamba niliacha kusikiliza. Msimamizi aliupigia mstari huo kwa penseli na kuniambia nirudi nikaulize kuanzia hapo.

Nilirudi. Niliuliza Dani anamhitaji msichana kwa kazi gani sokoni, kisha nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko mtihani wowote. Alinyamaza naye. Hatimaye alisema kwamba macho yake hayatofautishi tena noti. Alikuwa ameuza omena gorogoro kwa gorogoro siku nzima, kisha jioni akagundua kwamba mnunuzi mmoja alimpa noti ya shilingi 50 akidai ni ya 200, akarudishiwa na chenji juu yake. Tangu siku hiyo msichana humfuata sokoni kuwa macho yake. Nilimsogelea mlangoni penye mwanga, nikaona mboni zimefunikwa na weupe kama maji ya mchele. Nilikuja Nyalenda kumwondoa mtoto, na kumbe aliyestahili kuondolewa ni mtoto wa jicho.

Nisiifanye hadithi iwe nzuri kuliko ilivyokuwa. Tuliandika barua ya rufaa, kliniki ya macho ikatoa tarehe ya mbali, tarehe ikasogezwa, na mafunzo yangu yakaisha akiwa amepasuliwa jicho moja. Msichana aliendelea kukosa Alhamisi kadhaa hata baada ya hapo, maana alikuwa amezoea soko na soko limemzoea. Lakini ripoti ya kwanza haikutoka ofisini, na hilo nalishukuru, kwa kuwa ingetoka ingekuwa na mhuri, na watu huamini mihuri.

Felix Biestek, padri Mjesuiti aliyeandika mwaka 1957 kanuni saba za uhusiano wa mhudumu na mteja, aliweka miongoni mwazo ile ya kushiriki hisia kwa kipimo. Nilikuwa nimeikariri na kuijibu kwenye mtihani kwa alama nzuri. Nilidhani maana yake ni kutolia mbele ya mteja. Kumbe nilikuwa nimekaa mbele ya Dani macho makavu kabisa, na hisia zangu zimejaa chumba kizima hadi yeye akakosa mahali pa kusema.

Sasa nami husimamia wanafunzi, na kila muhula huja mmoja amebeba herufi zake kama cheti cha ruhusa ya daktari. Mmoja aliniambia kwamba yeye ni mtu wa ndani, hivyo kuzunguka nyumba kwa nyumba Obunga hakumfai. Angeomba kazi ya mafaili. Nilimpeleka kwenye familia iliyofiwa, akaketi nao asubuhi nzima bila kusema maneno kumi, na mjane akaniomba yuleyule arudi. Mwingine, mchangamfu kupindukia, kipenzi cha kila kikao cha vijana, alikuwa akijaza kila ukimya kwa mzaha, na ilituchukua wiki sita na karatasi nyingi za safu tatu kabla hajaandika mwenyewe kwamba kwao, baba akinyamaza, kipigo kilikuwa njiani. Baada ya hapo sikuwa na la kumfundisha kuhusu ukimya. Alianza kuuvumilia kidogo kidogo, siku nyingine akashindwa.

Karatasi ya tiki bado nawapa siku ya kwanza, kwa sababu wanaipenda na kwa sababu mazungumzo yanayoifuata huwa mazuri. Naikusanya, naitia katika bahasha, nawarudishia siku ya mwisho na kuwaomba wakate majibu wasiyoyaamini tena. Bahasha hizo ndizo zilizonifanya mwaka jana nimuulize mama, tukiwa tunachambua sukuma wiki, kuhusu muhula ule wa darasa la saba.

"Muhula gani?" aliuliza.

Nilimkumbusha. Alifikiri, akatikisa kichwa. Kwa kumbukumbu yake zilikuwa wiki tatu, nazo ni kwa sababu mtoto alikuwa na surua na hakuna jirani aliyekubali kukaa naye. Nilibisha, akabisha. Kadi zangu za ripoti za mwaka huo zililiwa na mchwa, na mdogo wangu, niliyekuwa nikimlea, hawezi kuwa shahidi. Usiku nilipoandika mazungumzo hayo kwenye safu zangu, ya kwanza ilikuwa rahisi na ya pili ilikuwa sukuma tu. Katika ya tatu niliandika "muhula mzima," kisha chini yake, bila kufuta, "wiki tatu."